Kipimo Thabiti, Kinachopimwa Kingine

Saikolojia hushughulika na mambo yasiyoonekana wala kushikika, kama vile akili, huzuni na wasiwasi, na kwa sababu hiyo mtafiti hulazimika kuyakisia kupitia dalili zake, zikiwa ni majibu ya dodoso, alama za mtihani au kazi ya mikono. Hapo huzuka maswali mawili ambayo hata wasomi huyachanganya. La kwanza linahusu uthabiti, yaani kama kipimo hutoa matokeo yanayokaribiana kinaporudiwa kwa watu walewale katika hali ileile. La pili linahusu uhalali, yaani kama matokeo hayo yana maana ile ambayo mtafiti anadai yanayo.

Uthabiti una njia zake zinazofahamika. Watu hupimwa tena baada ya muda, au wachunguzi wawili hutoa uamuzi juu ya mtoto yuleyule na makubaliano yao hukadiriwa kwa kapa, kanuni aliyoitoa Jacob Cohen mwaka 1960 ili kuondoa makubaliano yanayoweza kutokea kwa bahati tu. Inayotajwa zaidi katika tasnifu ni alfa ya Lee Cronbach ya mwaka 1951, ambayo hukadiria jinsi maswali ya dodoso moja yanavyokwenda pamoja, na mara nyingi hutajwa kana kwamba imemaliza kazi, ilhali maswali kumi yanayorudia jambo lilelile kwa maneno tofauti kidogo yatatoa alfa ya juu bila kuonyesha jambo lenyewe ni lipi.

Ugumu wa swali la pili ulionekana waziwazi katika utafiti ambao Robert Serpell aliuchapisha mwaka 1979, akiwalinganisha watoto wa Lusaka, Zambia, na wa Manchester, Uingereza. Watoto walionyeshwa maumbo na kutakiwa kuyaiga. Walipopewa karatasi na penseli, wa Manchester walifanya vizuri zaidi. Walipopewa waya, ambao watoto wa Lusaka wamezoea kuukunja wanapojitengenezea magari ya kuchezea, wa Lusaka ndio waliofanya vizuri zaidi. Na kwa udongo wa kufinyanga, ambao pande zote mbili ziliufahamu, hakukuwa na tofauti ya maana. Mtafiti ambaye angetumia penseli peke yake angeweza kurudia jaribio lake mara nyingi, akapata matokeo yaleyale kila mara, na kuhitimisha kwamba watoto wa Zambia ni dhaifu katika kutambua maumbo, kumbe alichopima kwa uthabiti wote huo ni mazoea ya kushika penseli.

Kwa hiyo uhalali si sifa ya karatasi ya mtihani bali ni wa tafsiri inayotolewa juu ya alama, na hilo ndilo Cronbach na Paul Meehl walilolisisitiza mwaka 1955 walipoeleza kwamba dhana kama akili huthibitishwa kwa kuangalia iwapo alama zinahusiana na mambo mengine jinsi nadharia inavyotabiri. Utabiri huo unaweza kwenda kombo. Robert Sternberg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, waliwauliza watoto wa Usenge, magharibi mwa Kenya, kuhusu dawa za asili zinazotumika kwao kutibu maradhi ya vimelea, na wakakuta kwamba waliozijua zaidi walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya msamiati. Ufafanuzi mmojawapo, nao unaingia akilini, ni kwamba familia zilizotegemea shule na zile zilizotegemea maarifa ya kijijini ziliwekeza muda wa watoto wao mahali tofauti.

Suala hili lina uzito zaidi hospitalini. Dodoso la PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001 na ambalo limetumika kwa Kiswahili magharibi mwa Kenya miongoni mwa watu wanaoishi na VVU, lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama kuanzia 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi kwa kawaida huchukuliwa kuwa dalili ya sonona inayohitaji kuchunguzwa. Mgonjwa wa kifua kikuu aliyechoka karibu kila siku, asiyelala kwa sababu ya kikohozi na aliyepoteza hamu ya kula, tayari ana alama 9. Akiongeza siku chache za kushindwa kutuliza mawazo anafika 10, ingawa kwenye swali la huzuni amejibu 0. Akiulizwa tena kesho atajibu vilevile. Ndiyo maana jumla hiyo huchukuliwa kuwa ya uchunguzi wa awali tu, na watafiti wanaoleta dodoso mahali papya hulinganisha alama zake na mahojiano ya mtabibu aliyefunzwa, na pia huwaomba wahojiwa waeleze kwa maneno yao wenyewe walichoelewa katika kila swali.