Kikaragosi Hana Kabila

Watoto wetu wa huku Ulaya wanamfahamu Elmo, kikaragosi wa Sesame Street, kuliko wanavyowafahamu binamu zao wa Nzahaha, wilayani Rusizi, Rwanda. Mzazi aliyekulia huko, ambako redio ndiyo iliyotawala nyumbani, humtazama yule mwekundu mwenye manyoya akauliza: huyu mnyama gani? Si mnyama wala si mtu.

Chimbuko la vikaragosi vya aina yake ni Mmarekani Jim Henson. Mwaka 1955 alichukua koti kuukuu la mama yake, akakata mpira mdogo wa tenisi ya meza vipande viwili vya macho, akampata Kermit, ambaye baadaye akawa chura. Novemba 1969 vikaragosi vyake vikaingia Sesame Street, kipindi cha televisheni cha watoto. Mchezeshaji hujificha chini ya picha, mkono mmoja juu ndani ya kichwa cha kikaragosi, kidole gumba kikiwa taya la chini. Anayejifunza huinua vidole vya juu badala ya kushusha gumba, na kichwa kinaruka kama kuku anayekunywa maji. Macho hayapepesi, kwa hiyo furaha na huzuni zote hutoka kwenye kifundo cha mkono.

Afrika Kusini ilianza toleo lake, Takalani Sesame, mwaka 2000. Miaka miwili baadaye akaja kikaragosi Kami: rangi ya haradali, umri miaka mitano, yatima, anaishi na virusi vya UKIMWI. Wabunge kadhaa wa Marekani walikuja juu, wasimtake kwenye televisheni za watoto wao. Kwa mtoto wa Soweto, Kami alikuwa mwenzake wa kucheza naye tu.

Kisha Tanzania ikapata Kilimani Sesame, kwa Kiswahili, ikiwa na mafunzo ya malaria na vyandarua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia watoto 223 wa Kisarawe na Kinondoni kwa wiki sita. Waliokipokea kipindi vizuri zaidi walipiga hatua katika kusoma, hesabu na hata kuelewa malaria.

Sasa turudi kwetu. Wanyarwanda wakiona mtu kwenye skrini, wapo watakaoanza kumpima pua na kimo, hata kama hawatasema. Kami huwezi kumpima. Musekeweya, mchezo wa redio ulioanza Rwanda mwaka 2004, ulipita njia hiyohiyo bila manyoya: vijiji viwili vya kubuni, Bumanzi na Muhumuro, vinagombana, na kabila halitajwi kamwe. Wasikilizaji walijua fika kinachozungumzwa. Kosovo nako, mwaka huohuo, Sesame ilianza kwa Kialbania na Kiserbia. Kwa kuwa pande mbili zinatumia alfabeti tofauti, waandaaji waliacha maandishi na watoto wakataja vitu kwa sauti.

Mimi naona ujanja huu una mpaka wake. Kikaragosi asiye na kabila humfundisha mtoto kuishi na jirani, lakini siku atakapouliza kwa nini bibi hazungumzii mauaji ya kimbari ya 1994, atakayejibu ni mzazi.

Siku hizi mtoto wa Nzahaha ana uwezekano zaidi wa kukutana na Akili, msichana wa miaka minne anayeishi chini ya Kilimanjaro, kazi ya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, naye anazungumza Kinyarwanda. Huyo ni katuni. Mkono haumwingii, ila anasafiri kwa simu, na simu ndiyo iliyopo.