Rapa wa Makamo: Ty na Albamu ya A Work of Heart

Mwaka 2018 rapa wa London aliyejulikana kwa jina la Ty alitoa albamu yake ya tano, A Work of Heart, akiwa amevuka umri wa miaka 45, miaka minane baada ya albamu iliyoitangulia, na akaitoa kupitia lebo ndogo ambayo shughuli yake kuu haikuwa hip hop bali jazi. Umri wake, muda mrefu aliokaa bila kutoa albamu na aina ya lebo aliyoichagua ni mambo yanayoweza kuonekana kuwa hayahusiani, lakini yakitazamwa pamoja yanaeleza vizuri zaidi kuliko takwimu yoyote ya mauzo ni nini humpata msanii anayezeeka ndani ya sanaa iliyozoea kujitangaza kuwa ni ya vijana. Rapa, kwa msomaji ambaye hakuufuatilia muziki huu, ni msanii anayetamka mistari yenye vina kwa kufuata mdundo badala ya kuiimba, na hip hop ni utamaduni mpana zaidi ulioizaa kazi hiyo, ambayo magazeti ya Kiswahili yalizoea kuiita muziki wa kufokafoka.

Hip hop huhesabiwa kuwa ilianza tarehe 11 Agosti 1973, siku ambayo kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, aliyejulikana kama DJ Kool Herc, alipiga muziki katika sherehe ya dada yake kwenye jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, jijini New York. Benedict Chijioke, ambaye baadaye alijiita Ty, alikuwa amezaliwa London tarehe 17 Agosti 1972, kwa wazazi waliotoka Nigeria, kwa hiyo sanaa aliyokuja kuifanya ilikuwa mdogo wake kwa karibu mwaka mzima. Hesabu hiyo si ya kufurahisha tu. Mpiga gitaa wa bluzi aliyefikisha miaka hamsini alikuwa na wazee wa kuwatazama, na mwimbaji wa taarabu au mpiga soukous vilevile, ilhali rapa wa kizazi cha Ty alipofikia umri wa makamo hakukuta mbele yake babu wa kumwonyesha namna ya kusimama na maikrofoni mkononi na mvi kichwani bila kuchekesha watu. Kizazi hicho kililazimika kubuni uzee wake chenyewe, na huko Uingereza kilifanya hivyo bila fedha nyingi.

Ugumu mwingine ulitokana na mahali. Marapa wa kwanza wa Uingereza katika miaka ya 1980 waliiga matamshi ya Kimarekani, kana kwamba muziki huo haukuweza kutamkwa kwa namna nyingine, mpaka kundi la London Posse, lililomjumuisha Rodney P, lilipoimba kwa lafudhi ya mitaa ya London iliyochanganyika na Kijamaika na kutoa albamu ya Gangster Chronicle mwaka 1990. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi, na katikati ya miaka ya 1990 Ty aliupitia kwa njia isiyo ya kawaida, kwani kabla ya kuwa na rekodi yenye jina lake alishiriki katika Ghetto Grammar, mradi wa warsha uliowafundisha vijana uandishi kupitia mistari ya rap. Huenda ndiyo sababu hata katika nyimbo zake za mwanzo anasikika kama mtu anayezungumza na msikilizaji mmoja aliyeketi karibu naye, kwa sauti nzito isiyo na haraka na yenye mzaha, kuliko kama bondia anayemtisha mpinzani.

Albamu yake ya kwanza, Awkward, ilitoka mwaka 2001 kupitia Big Dada, na hapa inafaa kueleza lebo ni nini na kwa nini neno “huru” lina uzito katika biashara hii. Lebo ni kampuni inayogharimia kurekodi, kutengeneza, kusambaza na kutangaza muziki, kisha kugawana mapato na msanii, na sehemu kubwa ya soko la dunia imo mikononi mwa kampuni tatu, yaani Universal, Sony na Warner. Kampuni kubwa humpa msanii malipo ya awali ambayo kwa kweli ni deni, kwa sababu hukatwa kutoka katika mgawo wake mpaka yarudi yote, na kwa kuwa fedha iliyotolewa ni nyingi, kampuni hutaka irudi haraka na kwa wingi, jambo linaloielekeza kwa msanii kijana mwenye sura inayouzika kwa vijana wenzake. Lebo huru hutoa kidogo, mara nyingi hugawana faida nusu kwa nusu baada ya gharama kulipwa, na huweza kuridhika na wasikilizaji elfu chache waaminifu. Big Dada, iliyoanzishwa na mwandishi Will Ashon mwaka 1997 chini ya mwavuli wa Ninja Tune, ilikuwa ya aina hiyo, na mbali na Ty iliwalea Roots Manuva na Speech Debelle, ambaye alishinda Tuzo ya Mercury mwaka 2009.

Tuzo hiyo, inayotolewa kila mwaka kwa albamu iliyohukumiwa kuwa bora kabisa ya Uingereza na Ireland, ilikaribia pia mlango wa Ty. Upwards, albamu yake ya pili ya mwaka 2003, iliingia katika orodha ya wateule wa mwaka 2004 pamoja na kazi za Amy Winehouse, Joss Stone na The Streets, na kundi la Franz Ferdinand ndilo lililoshinda. Tangu hapo magazeti yalimwita rapa aliyeteuliwa kwa Mercury, sifa inayofungua milango michache na kumgandisha mtu katika mwaka mmoja wa maisha yake.

Wakati huohuo mambo yalikuwa yakibadilika upande wa mashariki wa jiji. Katika mitaa ya nyumba za halmashauri vijana walikuwa wameunda grime, muziki wenye mwendo wa takriban midundo 140 kwa dakika, mkali na mkavu, uliotangazwa na redio zisizo na leseni zilizorusha matangazo kutoka juu ya maghorofa, na Dizzee Rascal, akiwa bado hajafikisha miaka ishirini, alikuwa ameshinda Mercury mwaka 2003 kwa albamu ya Boy in da Corner. Kwa mwendo huo mpya hip hop ya Ty, iliyotembea polepole na kukopa joto lake kutoka soul, ilianza kuonekana ya kikubwa kabla mwenyewe hajawa mzee. Alitoa Closer mwaka 2006 na Special Kind of Fool mwaka 2010, hii ya pili kupitia lebo nyingine huru, BBE, na baada ya hapo albamu kamili haikuonekana mpaka 2018.

Miaka minane ni mirefu, lakini si sahihi kuieleza kama uvivu au kukauka kwa kipaji. Katika kipindi hichohicho watu waliacha kununua diski na kuhamia katika usikilizaji wa intaneti, ambako kila mara wimbo unapochezwa huleta sehemu ndogo tu ya peni moja, na sehemu hiyo hugawanywa tena kati ya lebo, mtunzi, prodyuza na wengineo, hali iliyoifanya kamati ya Bunge la Uingereza, katika ripoti yake ya Julai 2021, kutaka mfumo wote upangwe upya kabisa. Mfumo huo humfaa msanii anayesikilizwa mara milioni nyingi na kijana wa miaka kumi na tisa anayeurudia wimbo mmoja siku nzima, wala haumfai yule ambaye msikilizaji wake ni mzazi mwenye miaka arobaini na mitano anayeisikiliza albamu mara moja kwa wiki akipika. Msanii huru anayeingia utu uzima hujikuta akipunguziwa mapato katika umri uleule ambao kodi ya nyumba na majukumu ya familia huongezeka, hivyo albamu hutengenezwa kwa vipande, kati ya maonyesho na kazi nyingine, na huchelewa. Uhuru huo hugharimu muda, ingawa kinyume chake ni kweli pia: hakuna mtu wa kampuni aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia Ty kwamba wakati wake umepita.

Swali la kuvutia zaidi ni mahali alipojifunzia kuzeeka, na jibu linaelekea lilikuwa nje ya hip hop. Mwaka 2002 alishiriki katika Home Cooking, albamu ya Tony Allen, mpiga ngoma wa Nigeria aliyeujenga mdundo wa Afrobeat pamoja na Fela Kuti, na wimbo wa Every Season katika albamu hiyo uliwakutanisha Allen, Ty na Damon Albarn wa kundi la Blur. Allen alizaliwa mwaka 1940, kwa hiyo wakati huo alikuwa amevuka miaka sitini, na hakuna aliyeona ajabu kwamba mtu wa umri huo anatoa kitu kipya, kwa sababu katika Afrobeat na jazi miaka huhesabiwa kuwa ni mtaji. Kijana wa Kinigeria aliyezaliwa London, aliyepita katika sanaa isiyo na wazee, alikuwa amepata mzee katika sanaa ya jirani.

Ndipo uchaguzi wa Jazz re:freshed, lebo ndogo ya jazi iliyoitoa A Work of Heart, unapoeleweka. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 2003 na Justin McKenzie na Adam Moses, na kwa miaka mingi liliandaa maonyesho kila Alhamisi katika baa ya barabara ya Portobello, magharibi mwa London, iliyoitwa Mau Mau. Kutokana na maonyesho hayo ilizaliwa lebo, na lebo hiyo ilikuwa miongoni mwa vitalu vya kizazi kipya cha jazi ya London, wakiwamo wapulizaji wa ala kama Nubya Garcia, aliyetoa Nubya’s 5ive kupitia kwao mwaka 2017. Wanamuziki hao walikulia katika hip hop na grime sawa na katika jazi, na hawakuona mpaka wa kulindwa kati ya rapa na tarumbeta. Kwa Ty, kujiunga nao kulikuwa na maana ya kukaa kati ya watu waliokuwa wadogo kwake kwa takriban miaka ishirini bila kulazimika kujifanya ana umri wao.

A Work of Heart inasikika hivyo hasa. Mwendo wake ni wa taratibu, midundo imeachiwa nafasi, besi inabeba uzito na waimbaji wa soul wanashika viitikio, huku Ty akijaza nafasi hiyo kwa mistari inayopita kati ya kumbukumbu na hasira iliyopoa. Wimbo wa Brixton Baby unarudi katika eneo la kusini mwa London ambako wahamiaji wa Karibiani waliofika kwa meli ya Windrush mwaka 1948 walianza maisha, ambako ghasia za Aprili 1981 ziliutikisa uhusiano wa polisi na watu weusi, na ambako katika miaka ya 2010 wenye maduka chini ya matao ya reli walihamishwa na kodi zikapanda. Rapa wa miaka ishirini angeweza kulisifia eneo hilo au kulilaani, lakini aliyeziona sura zake kadhaa kwa macho yake mwenyewe ana kitu cha ziada cha kusema, nacho hakipatikani kwa kipaji pekee.

Inafaa hapa kutofautisha albamu hii na nyingine za umri huo. Mwaka 2017 rapa wa Marekani Jay-Z, akiwa na miaka 47, alitoa 4:44, akikiri makosa ya ndoa na kutoa ushauri wa kuwekeza, na wengi waliiona kuwa uthibitisho kwamba rap imekomaa. Ni albamu nzuri, ila inamhusu mtu tajiri mno, na utu uzima wake ni wa mtu aliyeshinda. Karibu zaidi na Ty ni Bleeds ya mwaka 2015, kazi ya Roots Manuva, mzaliwa wa mwaka uleule wa 1972 na mwenzake wa Big Dada, ambayo imejaa kiza, dhamiri ya kanisa na wasiwasi wa fedha. Kati ya hizo mbili Ty alichagua njia ya tatu: hakujifanya mshindi wala hakuzama, bali aliutumia umri wake kama mahali pa kusimamia, na kwa maoni ya makala haya hilo ni gumu zaidi kuliko yote mawili, kwa kuwa utulivu katika rap hukosa tamthilia na humlazimu msanii aubebe wimbo kwa uandishi mtupu.

Baada ya albamu hiyo alijiunga na Rodney P na Blak Twang, wote wakongwe wa London, wakaunda Kingdem na kuzunguka Uingereza wakitumbuiza. Majira ya kuchipua ya mwaka 2020 alilazwa hospitalini kwa UVIKO-19, na baada ya dalili za kupata nafuu akaugua nimonia na kufariki tarehe 7 Mei akiwa na miaka 47, siku saba baada ya Tony Allen kufariki jijini Paris akiwa na miaka 79. Vichwa vya habari vilimtaja kama rapa aliyeteuliwa kwa Mercury, na hivyo vikamrudisha mwaka 2004, kwenye albamu iliyokuwa na umaarufu zaidi. Msikilizaji anayemfikia leo kwa mara ya kwanza hana sababu ya kufuata utaratibu huo wa tuzo. Akianza na A Work of Heart na kurudi nyuma mpaka Awkward, atasikia jinsi sauti iliyokuwa na mzaha mwingi ilivyopata mambo ya kuutumia mzaha huo.