UZI: Punda amechoka, na sheria yake pia imechoka

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani aseme "punda amechoka!" Umati unashangilia, kwa sababu punda ni sisi wananchi. Leo wacha niongee kuhusu punda mwenyewe, yule wa miguu minne.

2/ Kwetu Mwea punda ndiye lori letu. Likizo iliyopita nilimkuta mmoja ameanguka, mkokoteni umejaa magunia ya mchele, mwenyewe anamchapa ainuke. Nikamwambia, "Mzee, hiyo ni hatia." Akanijibu, "Kijana wangu, huyu akilala hapa, watoto wangu pia watalala njaa." Nilikosa la kusema.

3/ Lakini kweli ni hatia. Tuko na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ya tangu miaka ya 1960. Kumchapa mnyama kikatili, kumtesa au kumbebesha kupita kiasi ni kosa. Adhabu? Faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

4/ Sasa linganisha na Sheria ya Wanyamapori ya 2013. Ilipopitishwa, kosa dhidi ya mnyama aliye hatarini kuangamia, kama kifaru, liliwekewa faini ya kuanzia milioni 20 au kifungo cha maisha. Kifaru huleta watalii. Punda huleta maji tu.

5/ "Si tuongeze faini basi?" Hapa ndipo mjadala hupotea. Weka laki moja uone: yule mzee hana. Atamalizana na askari palepale barabarani, kesho punda arudi kazini na kidonda chake. Faini kali imfikie tajiri anayetesa mifugo kwa faida. Mzee wa mkokoteni anahitaji kipimo cha mzigo kinachojulikana, na daktari wa mifugo anayefikika.

6/ Na hiyo ni kazi ya nani? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: udhibiti na ustawi wa wanyama ni jukumu la kaunti. Kwa hivyo MCA wako akikwambia "hayo ni ya Nairobi", mwonyeshe Jedwali.

7/ Amri za ghafla pia hazitoshi. 2020 serikali ilipiga marufuku kuchinja punda, baada ya wizi kuzidi kwa sababu ya soko la ngozi. 2021 Mahakama Kuu ikaibatilisha. Amri ya waziri inaweza kuanguka kwa kesi moja. Sheria iliyopita bungeni ina mizizi zaidi.

8/ Kwa hivyo mheshimiwa akija kwenu na "punda amechoka", mpigie makofi, halafu umuulize: kaunti yetu ina sheria gani ya mzigo wa punda? Na daktari wa mifugo wa wadi hii ni nani? Akinyamaza, ujue ni nani anabebeshwa.