Jozi mbili dhaifu (poka)

Jozi mbili dhaifu ni mpangilio wa karata katika mchezo wa poka ambapo mchezaji ana jozi mbili za namba za chini, huku mezani kukiwa na karata kubwa kuliko zote mbili. Makala hii inahusu aina ya poka iitwayo Texas Hold'em. Humo kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, kisha karata tano za wote hufunuliwa mezani: tatu kwa pamoja, halafu ya nne, halafu ya tano. Mfano: mchezaji ana 5 na 4, na karata tatu za kwanza mezani ni J, 5 na 4. Katika mashindano hali hii humpata zaidi mchezaji aliyeketi kwenye blaindi, na mara nyingi ndiyo huamua kama atabaki mezani au atatoka.

Karata na Waswahili

Karata zilifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na Wareno, na majina ya aina zake nne bado yana asili ya Kireno: kopa, uru, shupaza na pao. Neno turufu pia limetoka huko. Karata ya A katika kamusi huitwa ree, na K iliitwa mzungu wa nne, ingawa vijana wengi siku hizi husoma tu herufi iliyochapwa.

Katika vijiwe vya Kariakoo jijini Dar es Salaam karata huchezwa kando ya bao, drafti na dhumna. Poka si mchezo wa vijiweni. Makao yake ni kasino, kama ile ya hoteli ya New Africa katikati ya jiji, upande wa pili wa viwanja vya Mnazi Mmoja. Kasino nchini Tanzania husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, na mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kwa Waislamu, ambao ni wengi katika mitaa ya Kariakoo, kamari ya aina yoyote ni haramu.

Mtu aliyezoea michezo ya turufu hukutana na jambo geni kwenye poka. Katika turufu, karata iliyo mkononi ina nguvu zake, na mchezaji hungoja wakati mzuri wa kuitupa. Katika poka karata za mezani ni za wote, kwa hiyo karata moja inayofunuliwa inaweza kuua jozi ya mchezaji bila mpinzani wake kupata chochote kipya mkononi.

Kwa nini hutokea kwenye blaindi

Blaindi ni dau la lazima ambalo wachezaji wawili huweka kabla ya kuona karata zao. Kuna blaindi ndogo na blaindi kubwa, na zamu huzunguka meza. Katika mashindano viwango hivi hupanda kila baada ya muda, ili mchezo usidumu hadi asubuhi.

Tuseme blaindi ni 500 na 1,000, na kuna dau la ziada la 1,000 kwa ajili ya meza nzima. Mgawaji anaongeza hadi 2,200, na blaindi ndogo anatupa karata zake. Mezani sasa kuna 4,700, na mwenye blaindi kubwa anatakiwa kuongeza 1,200 tu. Analipa 1,200 kati ya jumla ya 5,900, yaani asilimia 20 hivi. Kwa bei hiyo hata 5 na 4 zinafaa kuendelea nazo, wakati mchezaji wa nafasi nyingine angezitupa bila kufikiri. Ndiyo sababu jozi mbili za chini huonekana zaidi mikononi mwa blaindi: ni yeye pekee aliyeuziwa karata mbovu kwa bei ya chini.

Hata hivyo hazipatikani mara nyingi. Mwenye karata mbili zisizofanana hupata jozi mbili kwa kutumia zote mbili katika karata tatu za kwanza mara 396 kati ya 19,600, yaani asilimia 2 tu.

Nguvu na udhaifu

Mchezaji mwenye 5 na 4 kwenye meza ya J, 5, 4 yuko mbele ya karibu kila mpinzani. Tuseme mpinzani ana K mbili. Zimebaki karata 45, na karata mbili za mwisho zinaweza kutoka kwa njia 990. Ukiacha uwezekano wa karata tano za aina moja, njia 252 zinampa ushindi mwenye K, yaani robo. Kinachowashangaza wanaojifunza ni kwamba K nyingine si hatari kubwa kuliko zote, kwa sababu zimebaki mbili tu. J zimebaki tatu, na mojawapo ikifunuliwa mpinzani ana jozi za K na J, huku mwenye blaindi akibaki na J na 5. Jozi yake ya 4 imekufa. Vivyo hivyo karata mbili za mwisho zikifanana, kwa mfano 9 na 9. Mpinzani mwenye A na J hushinda kwa kiasi cha karibu na hicho, asilimia 27 hivi.

Hatari halisi ni mpinzani aliyeshika J na 5. Hapo ni 4 mbili zilizobaki tu ndizo zinazoweza kumwokoa mwenye blaindi, na nafasi yake ni chini ya asilimia 9. Mpinzani mwenye J mbili ni mbaya zaidi. Kwa hiyo wachezaji wenye tokeni chache, kwa mfano blaindi kubwa 15, huziweka zote mapema ili wasimwachie mpinzani karata ya bure. Wenye tokeni za blaindi 100 huweka dau lakini husita mpinzani anapoongeza mara ya pili, kwa kuwa mtu anayehatarisha kiasi hicho kwa jozi moja ni adimu.

Zawadi hubadilisha hesabu

Katika mashindano tokeni si fedha. Kupima thamani yake hutumika hesabu ya David Harville ya mwaka 1973, iliyotungwa kwa ajili ya mbio za farasi na kuletwa kwenye poka na Mason Malmuth. Tuseme wamebaki wachezaji watatu wenye tokeni sawa, na wawili wa mwisho watapata shilingi 300,000 kila mmoja. Nafasi ya kila mmoja ina thamani ya shilingi 200,000. Mpinzani anaweka tokeni zake zote. Mwenye blaindi akilipia na kushinda anapata 300,000. Akishindwa anatoka bila kitu. Ili kulipia kuwe na faida, anahitaji kushinda zaidi ya mara mbili kati ya tatu, siyo nusu. Dhidi ya K mbili, jozi zake za 5 na 4 zinashinda mara tatu kati ya nne, hivyo bado analipia. Lakini dhidi ya mpinzani mwangalifu ambaye hufanya hivyo akiwa na J na 5, J na 4 au J mbili tu, kutupa karata hizo kunamwachia karibu shilingi 200,000 zake.