Kungojana Bila Kikomo: Kufundisha Mkwamo kwa Rula na Bikari

Katika mazoezi ya kufundisha tulipata kuona watoto wawili wa dawati moja wakiadhibiwa kwa uvivu. Waliagizwa kuchora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 4, na dawati lilikuwa na rula moja na bikari moja. Mmoja alishika rula akingoja bikari. Mwenzake alishika bikari akingoja rula. Kengele ililia daftari zote mbili zikiwa tupu. Kwa maoni yetu watoto wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wamekwama, na kukwama huko ni somo muhimu katika elimu ya kompyuta.

Programu ya kompyuta yaweza kugawanywa katika mafungu ya kazi yaendayo kwa pamoja, nayo huitwa nyuzi. Tuseme uzi wa kwanza unahamisha fedha kutoka akaunti namba 3 kwenda namba 8, na wakati huohuo uzi wa pili unahamisha kutoka namba 8 kwenda namba 3. Ili hesabu isiharibike, kila uzi hauna budi kuzifunga akaunti zote mbili. Wa kwanza umefunga namba 3 na unangoja namba 8. Wa pili umefunga namba 8 na unangoja namba 3. Zitangojana daima.

Edsger Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi, alilishughulikia tatizo la namna hii mwaka 1965. Mwaka 1971 Coffman, Elphick na Shoshani walibainisha masharti manne ambayo hayana budi kutimia pamoja ndipo mkwamo utokee:

(a) kifaa hutumiwa na mmoja tu kwa wakati mmoja;
(b) aliyeshika kifaa kimoja hukishikilia huku akingoja kingine;
(c) hakuna awezaye kumpokonya;
(d) wangojao wamefanya mzunguko, kila mmoja akimngoja mwenzake.

Likiondolewa sharti moja tu, mkwamo hauwezi kutokea. Hilo ndilo watoto walivumbue wenyewe, nasi tunapendekeza hatua hizi.

Hatua ya kwanza. Wapange watoto wawili wawili, kila jozi na rula moja na bikari moja. Mmoja aanze kwa rula, mwingine kwa bikari, na asiachie mtu kabla ya kumaliza duara lake. Baada ya dakika 2 uliza: nani mwenye kosa? Watanyosheana vidole. Usiharakishe kutoa jibu.

Hatua ya pili. Toa kanuni moja: kila mtu achukue rula kwanza, kisha bikari. Sasa anayekosa rula hungoja mikono mitupu, hivyo bikari iko huru kwa mwenzake. Mmoja atamaliza, kisha wa pili. Mzunguko umekatika. Watunga programu hufanya vivyo hivyo: kila uzi hufunga kwanza akaunti yenye namba ndogo, bila kujali fedha zinakwenda upande gani.

Hatua ya tatu. Watoto watafute kanuni nyingine. Huenda mmoja akasema, "Tuchukue vyote viwili kwa mara moja, au tusichukue kitu." Hilo huondoa sharti la pili. Mwingine aweza kusema, "Akingoja sana, akiweke chini." Lijaribuni, nao wataona kwamba wakiweka pamoja na kuokota pamoja, watahangaika bila kuchora chochote. Afadhali kila mmoja apewe muda tofauti wa kungoja.

Katika kupima, waombe mfano wa nyumbani. Uwanda wa juu wa Makonde una udongo wa kichanga usiohifadhi maji, na tangu zamani watu wa Newala wameteremka mabondeni kuteka. Mtoto akieleza kisa cha mwenye ndoo anayengoja kamba, na mwenye kamba anayengoja ndoo, ameelewa. Akiongeza kanuni ya kuwanasua, amefaulu.

Kanuni ya mpangilio huzuia mkwamo, lakini haihakikishi zamu ya haki: mtoto mwepesi aweza kuitwaa rula kila mara. Kwa hiyo mwalimu asimamie zamu pia. Na kabla ya kumwadhibu mtoto ambaye hajaandika kitu, na atazame kwanza alichoshika mkononi, na anachokingoja.