Beki wa Miaka 35: Kabla ya Kumsajili, Tazameni Nyuma Yake

Tarehe 28 Agosti 2020 Chelsea ya London ilitangaza kumsajili Thiago Silva, beki wa kati wa Brazil aliyekuwa amebakiza chini ya mwezi mmoja kutimiza miaka 36. Siku tano kabla ya hapo alikuwa nahodha wa Paris Saint-Germain iliyofungwa 1-0 na Bayern Munich katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mjini Lisbon. Alikuja kama mchezaji huru, kwa mkataba wa mwaka mmoja. Katika dirisha hilohilo la usajili Chelsea ilimwaga fedha nyingi kuwanunua Timo Werner, mwenye miaka 24, na Kai Havertz, mwenye 21, kwa hiyo watu waliuliza kwa nini klabu inayojijenga kwa vijana inamchukua mkongwe ambaye Paris wamemwacha aende zake. Ni kweli kwamba tatizo la Chelsea lilikuwa nyuma. Msimu uliotangulia ilimaliza ya nne katika Ligi Kuu ya England huku ikiwa imeruhusu mabao 54, na hakuna timu nyingine kati ya kumi za juu iliyofungwa mengi kuliko hayo. Lakini je, ukuta unaovuja huzibwa na mtu wa miaka 36?

Swali hili hurudi kila dirisha la usajili linapofunguliwa, Ulaya na hapa kwetu, na wabishi hugawanyika kwa namna ileile. Wanaomtaka mkongwe husema utu uzima dawa: ameona mengi, hababaiki, atawapanga vijana. Wasiomtaka husema mpira wa siku hizi ni mbio, na mawinga watamtesa. Kila upande una hoja, ila wote wanaanza kwa kuhesabu miaka ya mchezaji. Mimi naona hesabu ianzie uwanjani: kati ya beki huyu na kipa wake kutaachwa eneo kubwa kiasi gani? Timu inaweza kumsajili beki wa miaka 35 na ikafaidika sana, ilimradi kocha ameshaamua atakavyolifupisha eneo hilo kabla mkataba haujasainiwa. Kocha asipokuwa na jibu, mkongwe asisajiliwe, hata awe na medali za kujaza kabati.

Tuanze na mwili, maana hapo hakuna ubishi. Mchezaji akishapita miaka 30, kasi yake ya hatua za mwanzo hupungua mwaka hadi mwaka. Kugeuka na kukimbia kurudi golini kunakuwa kugumu, misuli ya nyuma ya paja na ya vigimbi inaumia kwa urahisi, na mechi ya Jumamosi inakuwa bado haijamtoka mwilini Jumatano. Mazoezi na lishe huchelewesha mambo haya, hayayazuii. Kinachobaki ni kazi ambayo mtazamaji wa televisheni haioni vizuri, kwa sababu kamera inafuata mpira. Mtazame beki mzoefu wakati timu yake inashambulia: kila baada ya sekunde chache anageuza shingo kumtafuta mshambuliaji, anasimama mwili ukiwa nusu umeelekea lango lake, na kiungo wa wapinzani anapoinua kichwa kutafuta pasi, yeye ameshapiga hatua mbili nyuma. Mpira unapofika, anaonekana kama aliyeufuata bila haraka, kumbe mbio zake alizimaliza kabla pasi haijapigwa. Ndiyo maana mabeki wa kati hudumu kuliko mawinga. Paolo Maldini alistaafu AC Milan mwaka 2009 akiwa na miaka 40, na Pepe aliichezea Ureno robo fainali ya Euro 2024 akiwa na miaka 41. Ila hatua hizo mbili zinatosha tu pale ambapo eneo la kulinda ni dogo. Nyuma yake kukiwa na mita 40 tupu na mshambuliaji wa miaka 22 ameshaanza kukimbia, hata macho mazuri kuliko yote hayamsaidii.

Mechi ya kwanza ya Silva katika Ligi Kuu ilikuwa dhidi ya West Bromwich Albion, Septemba 26, 2020. Kabla ya nusu saa kufika, mpira wa kawaida kabisa ulimpita chini ya mguu karibu na mstari wa kati. Hakuwa na mwenzake wa kumfunika nyuma, Callum Robinson akauchukua, akakimbia peke yake mpaka kwa kipa na kufunga. Chelsea ilikwenda mapumziko ikiwa nyuma 3-0, ikajitutumua na kupata sare ya 3-3. Wengi walilihukumu kosa la mguu, na kosa lilikuwepo kweli. Lakini mabeki wa umri wote hukosea mpira wa namna hiyo. Tofauti ni kwamba kijana ana nafasi ya kumkimbilia mshambuliaji akasahihisha kosa lake, na mkongwe hana. Kwa hiyo unapomchukua mkongwe ni lazima awepo mtu mwingine wa kusahihisha. Siku ile hakuwepo.

Mtu huyo alipatikana Januari 2021. Kocha Frank Lampard alifukuzwa, akaja Thomas Tuchel, ambaye alikuwa amemfundisha Silva pale Paris, na mara moja akapanga mabeki watatu wa kati badala ya wawili. Silva alisimama katikati, Antonio Rüdiger mwenye mbio upande wake wa kushoto, na upande wa kulia akawa César Azpilicueta au Andreas Christensen. Mbele yao walikaa viungo wawili wa kukaba. Kazi ya kufukuzana na mawinga ikawa ya watu wa pembeni, Silva akabaki na kazi ya kusoma mchezo, kupanga wenzake na kuanzisha pasi. Katika mechi 19 za ligi za Lampard msimu ule Chelsea iliruhusu mabao 23. Katika 19 za Tuchel iliruhusu 13. Katika mechi saba za mtoano za Ligi ya Mabingwa Ulaya ilifungwa mabao mawili tu, na Mei 29 iliifunga Manchester City 1-0 mjini Porto na kutwaa kombe.

Msomaji makini atapinga hapa, na ana haki. Msimu uleule Chelsea ilimpata kipa mpya, Édouard Mendy, aliyekuwa bora mno kuliko aliyemtangulia. Tena Silva aliumia mwanzoni mwa Februari, akakosa mechi nyingi za mwanzo za Tuchel, na ukuta haukutikisika, kwa kuwa Christensen aliingia mahali pake na timu ikaendelea kufungwa kwa nadra. Aliporudi Aprili 3, dhidi ya West Brom walewale, alitolewa kwa kadi mbili za njano kabla ya mapumziko na Chelsea ikalala 5-2 nyumbani. Basi mkongwe alikuwa na faida gani? Naichukulia hoja hii kwa uzito, na kwa maoni yangu inatuonyesha mpangilio sahihi wa mambo. Mfumo ndio uliookoa ukuta. Silva hakuuumba, aliingia ndani yake. Lakini mechi zilipokuwa nzito, nusu fainali mbili dhidi ya Real Madrid na fainali yenyewe, Tuchel alimwanzisha Silva kila mara, ingawa alishaona kwamba Christensen anaiweza kazi. Mfumo uliufuta upungufu wa mbio, ukaacha uzoefu ufanye kazi yake. Bila mfumo ule angebaki kuwa beki wa mechi ile ya Septemba.

Anayetaka kuona upande wa pili wa jambo hili aikumbuke Manchester United ya mwaka 2001. Mwanzoni mwa msimu kocha Sir Alex Ferguson alimuuza Jaap Stam kwa Lazio, beki wa miaka 29 mwenye nguvu na mbio, na mahali pake akamleta Laurent Blanc kutoka Inter, mwenye miaka 35. Blanc alikuwa beki wa heshima kubwa, mmoja wa nguzo za Ufaransa iliyotwaa Kombe la Dunia 1998, na pasi zake zilikuwa safi. Lakini United ilikuwa timu ya kushambulia kwa watu wengi, na mabeki wake wawili wa kati waliachiwa eneo pana la kulinda. Msimu uliotangulia, ikiwa na Stam, ilikuwa bingwa na iliruhusu mabao 31. Msimu wa Blanc iliruhusu 45, ikamaliza ya tatu. Msimu uliofuata, Blanc akiwa bado yupo ila akitumika kwa vipimo, United ilirudisha ubingwa. Ferguson mwenyewe alikuja kukiri hadharani kwamba kumuuza Stam lilikuwa kosa. Mzigo huu hauwezi kutwishwa Blanc, aliyefanya alichoweza. Aliwekwa badala ya beki aliyekuwa katika ubora wake, wakati Silva aliongezwa juu ya mabeki waliokuwepo. Mkongwe anaweza kuwa nyongeza nzuri sana. Kumfanya mbadala wa mtu wa miaka 29 ni kumdai miguu ambayo hana tena.

Pingamizi linalonigusa zaidi ni lile la vijana, kwa sababu hapa gharama ni ya kweli na viongozi wa klabu huificha. Fikayo Tomori, aliyelelewa Chelsea tangu utotoni, alikosa nafasi msimu ule, akapelekwa AC Milan kwa mkopo Januari 2021 na kuuzwa hukohuko baadaye. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa Italia. Marc Guéhi, kijana mwingine wa klabu hiyohiyo, aliuzwa Crystal Palace mwaka 2021, na Mei 2025 aliinua Kombe la FA akiwa nahodha wa Palace. Siwezi kusema Silva ndiye aliyewafukuza, maana walikuwepo mabeki wengine wengi mbele yao. Lakini kila dakika anayopewa mtu wa miaka 36 ni dakika aliyonyimwa mtu wa miaka 20, na klabu inayosema mkongwe amekuja kuwafundisha vijana ionyeshe ni vijana gani na wanacheza mechi zipi. Christensen aliingia katika fainali ya Porto dakika ya 39, Silva alipoumia, na akacheza bila wasiwasi kwa kuwa alikuwa amecheza miezi yote ile mkongwe alipokuwa majeruhi. Kijana anayekaa benchi mwaka mzima akimtazama mzee hajifunzi kiasi hicho.

Kuhusu fedha nitasema machache. Neno "mchezaji huru" huwadanganya mashabiki wakadhani amekuja bure, wakati fedha ambayo ingekwenda kwa klabu yake ya zamani mara nyingi huingia katika mshahara wake, fedha za kusaini na malipo ya wakala, na mkataba ukiisha hakuna wa kumuuzia. Kwa hiyo urefu wa mkataba ndio kila kitu. Sergio Ramos aliondoka Real Madrid mwaka 2021, akiwa na miaka 35, baada ya klabu kumpa mwaka mmoja huku yeye akitaka miwili. Paris ikampa miwili. Jeraha la kigimbi likamzuia kucheza mpaka mwishoni mwa Novemba, na msimu wake wa kwanza uliisha akiwa amecheza mechi 12 tu za ligi. Msimu wa pili alicheza nyingi zaidi, lakini nusu ya mkataba ilikuwa imeshakwenda na maji. Chelsea ilifanya vizuri zaidi kwa Silva: mwaka mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine, kisha mwingine, kila mara baada ya kuona hali ya mwili wake. Alidumu hadi 2024. Hata hivyo msimu wake wa mwisho, chini ya Mauricio Pochettino aliyerudisha mabeki wanne na kuufungua mchezo, Chelsea iliruhusu mabao 63. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kinga aliyokuwa nayo wakati wa Tuchel haikuwepo tena.

Kwa klabu zetu za Tanzania hesabu hii ina jambo ambalo wengi hulipindua. Tumezoea kudhani kwamba mkongwe anafaa timu kubwa inayotafuta ubingwa. Lakini Simba au Yanga, katika mechi nyingi za ligi ya nyumbani, hukaa nusu ya uwanja ya mpinzani dakika tisini nzima, na mabeki wao husimama karibu na mstari wa kati huku nyuma kukiwa wazi. Ongeza mechi za Afrika za wikiendi na viporo vya ligi katikati ya juma, na utaona kuwa huko ndiko mkongwe anakoteseka. Timu ya kati ya msimamo, inayokaa chini na kusubiri mashambulizi ya kushtukiza, ndiyo inayoweza kumtumia vizuri, kwa sababu eneo lake la kulinda ni fupi na mechi zake zina nafasi ya kupumua. Nayo isisahau safari: basi la kutoka Bukoba hadi Mtwara linapita zaidi ya kilomita 1,500 za barabara, na mwili wa miaka 35 unazihisi zote.

Hukumu yangu ni kwamba asajiliwe, kwa mwaka mmoja, awe nyongeza juu ya mabeki waliopo, na pembeni yake awepo mwenye mbio. Viongozi wa klabu wakutane na kocha kabla ya kukutana na wakala, na kocha awachoree ubaoni ukuta wake utasimama wapi timu ikiwa na mpira, nani atakimbia mpira ukipotea, na kijana gani atacheza mkongwe akipumzishwa. Kocha akishindwa kuchora, fedha hiyo ipelekwe timu ya vijana.