Ami, sinema za kauboi na bastola ya leva: nimeijaribu, majibu ndiyo haya

Wale mliosikiliza kipindi kilichopita mnajua mjadala huu ulipoanzia. Kwa ambao hamkusikiliza, kwa ufupi: Ami yangu amefanyiwa upasuaji wa bega la kulia. Kabla ya hapo, kila Novemba alikuwa anaenda kuwinda kulungu huku Texas. Sasa miaka miwili hajaenda, maana daktari amemkataza kuegemeza kitako cha bunduki kwenye lile bega. Na Ami akikaa nyumbani Novemba nzima, wallahi nyumba haikaliki.

Ndipo akaja na jawabu lake. Akanionyesha picha kwenye simu: bunduki ya leva, ile ya kauboi unayoisukuma mkono wa chini mbele na nyuma, kacha-kacha, lakini imekatwa. Haina kitako cha kuweka begani, ina kijipande tu cha mbao, na mtutu mfupi. “Hii haigusi bega, mwanangu,” akasema. “Hii ndiyo dawa yangu.”

Nikamwambia ngoja kwanza. Mimi niliyezaliwa Houston nimeshika bunduki tangu nina miaka kumi na mbili, na najua kitu kikiwa kizuri kwenye sinema si lazima kiwe kizuri porini. Tukakubaliana: niijaribu kwanza, kisha niseme ukweli, hata kama utamuuma.

Kwanza, hii ni kitu gani?

Jina lake la mtaani Marekani ni Mare's Leg, yaani mguu wa farasi jike. Lilitokana na tamthilia ya televisheni, Wanted: Dead or Alive, iliyoonyeshwa kati ya 1958 na 1961, ambapo Steve McQueen alicheza msaka wahalifu aliyefunga kiunoni bunduki ya Winchester 1892 iliyokatwa. Winchester 1892 yenyewe ni kazi ya fundi mashuhuri John Browning. Na hapa pana kichekesho: kwenye mkanda wake McQueen alipangiwa risasi kubwa za .45-70 zipendeze kwenye picha, wakati bunduki yake ilikula .44-40. Zile za mkandani zisingeingia hata kidogo!

Ami anasema filamu za kauboi alizitazama utotoni, Majestic pale Unguja, kabla hajajua Texas iko wapi. Kwa hiyo msidhani ni bega peke yake linalozungumza hapa. Kuna mtoto wa miaka minane ndani yake.

Miaka ya karibuni makampuni kama Rossi, Henry na Chiappa yamezitengeneza mpya. Nyingi zina mtutu wa inchi 12 hadi 13 hivi, urefu wote inchi 24 au 25, uzito pauni 4 mpaka karibu 6, na zinabeba risasi 5 au 6. Niliyoijaribu mimi ni ya jirani yetu, mzee mmoja wa Kiteksasi, ya risasi ya .44 Magnum. Ya kampuni gani sitasema. Ninayoyaeleza hapa yanahusu umbo hili la silaha lenyewe.

Sheria, na hapa msiruke

Kisheria hii ni bastola, si bunduki, kwa sababu imetoka kiwandani hivyo hivyo bila kitako. Ukichukua bunduki ya kawaida ya leva ukaikata mwenyewe karakana, au ukiichukua hii ukaifungia kitako cha begani, umetengeneza bunduki ya mtutu mfupi, na hiyo inataka kibali na usajili wa shirikisho kabla hujaigusa na msumeno. Kosa lake ni la jela. Mtutu chini ya inchi 16 kwenye silaha ya begani, simama hapo.

Na kwa kuwa ni bastola, dukani huuziwi mpaka ufike miaka 21, tofauti na bunduki ndefu ambayo ni 18.

Sasa basi, Ami akaja na fikra nyingine: “We nenda kanunue kwa jina lako, mi nitakupa hela. Mi makaratasi yao siyawezi.” La, Ami, la! Ile fomu ya dukani inauliza kama wewe ndiye mnunuzi wa kweli. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Abramski. Na alifanya nini huyo bwana? Alimnunulia ami yake bastola kwa hela za huyo ami, na ami mwenyewe alikuwa na haki kamili ya kumiliki silaha. Bado akapatikana na hatia. Nilipomsimulia, Ami alikaa kimya, kisha akasema, “Basi nipe hiyo fomu niisome.”

Kwa ndugu zetu mlioko huku kwa viza za muda, za masomo au matembezi: kwa kawaida sheria ya shirikisho inawakataza kununua wala kushika silaha, isipokuwa kwa masharti machache maalumu. Msikubali rafiki akuambie “shika tu upige picha.” Ulizeni wakili kwanza. Picha moja isikuharibie makaratasi ya miaka kumi.

Siku ya kuijaribu

Tulikwenda kwenye shamba la jirani, mwendo wa saa mbili kutoka Houston. Nilichukua sahani ndogo za karatasi, zile za inchi 6. Kipimo changu ni rahisi: umbali ambao siwezi kuweka risasi zote ndani ya sahani, huo si umbali wa kumpigia mnyama. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu si kubwa kuliko mnavyodhani, na mnyama hasimami kama sahani.

Kwanza nikaipiga kiunoni kama kwenye sinema, kwa yadi 7. Vumbi lilipaa, sahani ikabaki inanitazama. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Mkono mmoja pia haufai: uzito wote uko mbele, mtutu unainama.

Njia iliyobaki ni mikono miwili: wa kushoto kwenye mbao ya mbele, wa kulia kwenye kishikio, umenyoosha mbele yako. Na hapa nilikosea mwenyewe. Mazoea ya bunduki ndefu yakanishinda, nikasogeza uso karibu na kile kijipande cha nyuma. Ilipopiga teke, kikanigonga mdomo. Damu. Ami akasema “pole,” kisha akaongeza, “McQueen hakuweka uso pale.” Basi jueni: shavu na kitu hiki havikutani kamwe.

Kelele zake si za mchezo. Mtutu ni mfupi na .44 Magnum ina baruti nyingi, kwa hiyo nilivaa viziba masikio vya ndani na vya nje kwa pamoja. Mwenye kutaka kupumzisha mikono atumie .44 Special, ambayo ni fupi na laini zaidi na inaingia kwenye chemba hiyo hiyo. Ila ijaribu kwanza kama leva inaimeza vizuri.

Jambo la usalama: risasi zinalala ndani ya bomba, moja nyuma ya nyingine, ncha ikigusa kitako cha ya mbele yake. Kwa hiyo tumia zenye ncha bapa, au zile za ncha ya plastiki laini zilizotengenezewa bunduki za leva. Ncha kali ya chuma inaweza kuigonga fataki ya mwenzake ikalipuka humo humo.

Matokeo yangu, nimekaa, silaha imeegemea mfuko wa mchanga: yadi 25, risasi 10, zote sahanini. Yadi 50, risasi 10, sita tu. Nikisimama bila kuegemea, hata yadi 25 nilikosa nne. Darubini ingesaidia, lakini umbo la 1892 linatupa maganda juu, hivyo darubini ya kawaida inakaa njiani. Inabidi ufunge mbele kwenye mtutu, na pawe na darubini maalumu ya kutazamia kwa mbali.

Nguvu ya risasi haina tatizo. Huu mtutu wa inchi 12 unaisukuma .44 Magnum kwa kasi kuliko bastola ya kawaida, na kwa kulungu wa Texas inatosha na kuzidi. Tatizo ni kuipeleka mahali pake.

Kwa nini hili linatuhusu zaidi

Kwetu sisi nyama lazima iwe halali. Nilivyofundishwa, unapiga kwa Bismillah, na ukimkuta bado ana uhai unamchinja. Lakini ukimpiga tumboni akakimbia usiku kucha, kesho yake ukamkuta mtoni amekufa, utajuaje kilichomuua? Hapo nyama inaingia shaka, na mnyama umemtesa bure. Kwa hiyo swali la shabaha si la ufundi peke yake.

Jirani alitupa chaguo jingine: nguruwe mwitu, ambao wanamchimbia shamba lake lote. Texas tangu 2019 huhitaji hata leseni ya uwindaji kuwapiga kwenye ardhi ya mtu binafsi, ikiwa mwenyewe karidhia. Ami alimshukuru sana, kisha akaniambia kwa Kiswahili, “Nimtoke bega langu kwa nguruwe?”

Hukumu

Kwa burudani: naipa alama zote. Kugonga makopo na sahani za chuma, na ile kacha-kacha ya leva, nilitabasamu siku nzima na mdomo umevimba.

Kwa kuwinda: kwa mtu mzima wa afya, sioni sababu. Bunduki fupi ya leva ya inchi 16 ni nyepesi kubeba na ina shabaha maradufu. Ukitaka bastola hasa, ile ya kuzunguka kama Ruger Super Blackhawk ni nyepesi zaidi, na haikulazimishi kushusha mikono kila risasi ili uvute leva.

Kwa Ami? Hapo nilikuwa tayari kusema hapana. Lakini alikaa kwenye benchi, akaegemeza kwenye mfuko wa mchanga, akapiga .44 Special risasi tano kwa yadi 25. Zote sahanini. Bega halikuguswa. Kwa yadi 40 akaweka mbili. Hakusema kitu, akazihesabu zile sahani mara mbili, akakunja ya kwanza akaitia mfukoni.

Akanunua ya kwake, kwa jina lake, fomu akaijaza mwenyewe. Akafanya mazoezi kwa .44 Magnum kamili mpaka zile tano zikatulia tena sahanini. Novemba tulikaa kwenye kibanda cha kuvizia, na kwenye mti ulioko yadi 25 nilifunga utepe mwekundu. Sharti lilikuwa moja: mnyama akiwa nyuma ya utepe, hapigwi.

Jioni ya kwanza hakuna kitu. Jioni ya pili alitoka kulungu jike, mzuri, akasimama ubavu, ametulia. Ila nyuma ya utepe, yadi 35 hivi. Ami alikuwa tayari ameshavuta nyundo. Nilimsikia anapumua. Dakika moja nzima, na yule mnyama anatafuna tu mahindi yake. Kisha Ami akairudisha nyundo taratibu, mtutu ukitazama chini.

“Huyo wa mwakani,” akanong'ona.

Tulirudi Houston mikono mitupu, tukapita kwa mchinjaji kununua mbuzi. Njia nzima Ami alikuwa anaongea, hajaongea hivyo tangu upasuaji. Kufika nyumbani mama akauliza, “Mmepata?” Ami akajibu, “Tumepata,” akampa ule mfuko wa mbuzi.

Kipindi kijacho Ami mwenyewe atakuwa studio. Tuleteeni maswali, ila la mdomo wangu msiulize, atalisimulia hata bila kuulizwa.